Pikapu yako inalia “tik-tik-tik” asubuhi? Soma hii kabla ya kubadili manifodi na kuifunga utepe

Unawasha pikapu saa 12 asubuhi pale Dongobesh. Baridi ni kali. Chini ya boneti unasikia mlio mdogo: tik-tik-tik. Ukishatembea kilomita tano hivi, mlio unapotea. Unajiambia gari limepona.

Halijapona. Chuma kimepata moto, kimetanuka, kikaziba ufa kwa muda. Kesho asubuhi utausikia tena, na ukiuacha, siku moja hautapotea kabisa.

Mara nyingi mlio huo unatoka kwenye manifodi ya ekzosi, yaani kile chuma kinachopokea moshi wa moto moja kwa moja kutoka kwenye injini. Ukifika gereji utapewa njia tatu: kuchomelea ufa, kutafuta manifodi ya mtumba, au kufunga heda mpya ya mabomba na kuizungushia utepe wa kuzuia joto.

Hii ya tatu inavutia kwa macho. Ikifungwa vizuri inakaa miaka. Ikifungwa vibaya inaweza kuunguza gari, au kuwalewesha kwa moshi watu uliowabeba. Tuichambue taratibu.

Manifodi na heda zina tofauti gani?

Manifodi ya kiwandani kwa kawaida ni chuma cha kutupwa, kizito na kinene. Moshi wa silinda zote unakutana humo haraka, kisha unashuka kwenye bomba moja.

Heda ni mabomba ya chuma chembamba. Kila silinda ina bomba lake, na yote yanakutana mbele kidogo. Lengo ni moshi wa silinda moja usigongane na wa silinda nyingine wakati unatoka.

Kwa hiyo heda ni nyepesi na moshi unapita kwa urahisi zaidi. Ubaya wake ni kwamba chuma chembamba kinatoa joto jingi ndani ya boneti, kinapiga kelele zaidi, na hakivumilii kutu wala mtikisiko kama kile cha kutupwa.

Kwa nini zinapasuka huku kwetu?

Fikiria safari ya kutoka Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu. Chini, kwenye bonde la Ziwa Manyara, uko kama mita 960 juu ya usawa wa bahari. Unapanda mlima Magara, unafika miinuko ya Mbulu iliyo juu ya mita 1,700. Gari limejaa mzigo, uko gia ya kwanza au ya pili, injini inakoroma.

Hapo moshi unaotoka kwenye injini ya petroli unaweza kufika nyuzi joto 700 hadi 800 za Selsiasi, wakati mwingine zaidi. Manifodi inaanza kuwa nyekundu. Ukifika juu unazima gari kwenye upepo wa baridi. Chuma kinasinyaa. Kesho unarudia.

Ongeza mvua za masika. Unapita kwenye dimbwi au mto mdogo, maji ya tope yanarukia chuma cha moto. Chuma cha kutupwa hakipendi kupozwa ghafla namna hiyo. Kinapasuka.

Sababu nyingine ni uzembe mdogo mdogo. Stadi moja ikikatika, watu wanaiacha. Raba za kuning’iniza sailensa zikikatika, bomba zima linaning’inia kwenye manifodi. Kila shimo la barabarani linaivuta. Ukifunga heda mpya bila kurudisha hizo raba, nayo itapasuka palepale kwenye maungio.

Hatari isiyo na harufu

Watu wengi wanaona manifodi iliyopasuka ni suala la kelele tu. Si kweli.

Ndani ya moshi wa injini kuna gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Ikizidi, mtu anapoteza fahamu na anaweza kufa. Injini ya petroli hutoa nyingi zaidi kuliko ya dizeli, lakini moshi wa dizeli nao si wa kuvuta.

Manifodi iko karibu sana na kabini. Pikapu ya zamani ina matundu kwenye ukuta wa injini, pale zinapopita waya, nyaya za klachi na mipira ya hita. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mbulu inafanya kila mtu afunge vioo. Gesi inaingia na haina pa kutokea.

Kuna jambo jingine ambalo huku kwetu ni zito. Pikapu ndiyo inayombeba mgonjwa usiku kutoka kijijini kwenda hospitali ya Haydom au Katesh. Analazwa nyuma, turubai linashushwa asipigwe na baridi. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa ya nyuma huvutwa kuingia ndani ya turubai, na moshi wa ekzosi huja nayo. Bomba likiwa limevuja chini ya bodi, au limeishia katikati ya gari, mgonjwa na anayemuuguza wanavuta moshi njia nzima.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: bomba la mwisho litokeze nje, lipite ukingo wa bodi. Ya pili: ukiona abiria wawili watatu wanalalamika kichwa kwa pamoja, simamisha gari, zima injini, watoe wote nje kwenye hewa safi, kisha wapelekwe kituo cha afya kwa gari jingine. Kufungua dirisha tu hakutoshi.

Je, heda itaongeza nguvu?

Kidogo, na inategemea injini.

Kwanza kuna suala la hewa. Kila ukipanda mita 300, injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu yake, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Ukiwa mita 1,700 umeshapoteza kama asilimia 17. Hakuna heda itakayokurudishia hiyo. Anayekuambia gari “itavuta balaa” anakuuzia maneno.

Pili, angalia aina ya injini. Pikapu ya petroli isiyo na tabo ndiyo inayofaidi, hasa injini ikizunguka kwa kasi. Dizeli ya zamani isiyo na tabo inafaidi kidogo sana. Pikapu ya dizeli yenye tabo ni habari nyingine kabisa: tabo imekaa juu ya manifodi yenyewe na inahitaji ule moshi wa moto uizungushe. Usikubali fundi akate hapo ili afunge mabomba ya kubuni.

Sababu nzuri ya kufunga heda ni hii: manifodi yako imekufa, nzima huipati au bei yake haishikiki, na heda iliyotengenezwa kwa ajili ya injini yako ipo. Ukipata manifodi nzima ya mtumba, isiyo na ufa na yenye uso ulionyooka, kwa gari la kazi hiyo mara nyingi ni bora kuliko heda.

Na kuchomelea? Inawezekana, ila chuma cha kutupwa kinataka kupashwa moto kwanza, vijiti vya nikeli, na kupoa polepole. Ukichomelea kwa vijiti vya kawaida, kinapasuka tena pembeni ya ule mshono.

Kabla hujatoa hela, cheki haya

Soma namba ya injini yako, usiseme tu “Hilux”. Hilux zimewekwa injini nyingi tofauti, na matundu ya bolti hayafanani.

Weka gasketi mpya juu ya mdomo wa heda. Matundu yalingane. Weka rula ya chuma kwenye uso wake. Mwanga ukipita katikati, umepinda na utavuja.

Gari likiwa na sensa ya oksijeni, heda iwe na sehemu ya kuifunga. Ikikosekana, au hewa ikivujia kabla ya sensa, kompyuta ya gari inadanganyika kuwa mafuta ni machache na inaongeza. Utalalamika gari linakunywa petroli kumbe tatizo ni gasketi.

Mwisho, usikubali masega yatolewe “ili ipumue”. Masega yanapunguza sumu kwenye moshi, ikiwemo ile kaboni monoksidi. Ukiyatoa, unaongeza sumu kwa watu wako mwenyewe.

Kufunga hatua kwa hatua

1. Gari lipoe kabisa. Toa waya wa hasi wa betri.

2. Ukipandisha gari, tumia stendi za jeki na ubao mpana chini yake, maana ardhi yetu ni laini. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya mawe.

3. Pulizia nati zote mafuta ya kulegeza kutu jioni, uziache zilale. Asubuhi fungua taratibu, ukirudisha nyuma na mbele. Stadi ikikatika ndani ya silinda hedi, kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili.

4. Safisha uso wa silinda hedi. Kwangua gasketi ya zamani yote bila kuchimba chuma. Hedi ya aluminiamu inakwaruzika kirahisi.

5. Weka gasketi mpya. Ya zamani hairudi, hata ikionekana nzima. Na usipake silikoni ya kawaida, itaungua.

6. Ingiza heda, shika bolti zote kwa mkono kwanza. Ndipo ukaze, ukianzia za katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu. Kama kuna spana ya kupimia nguvu, fuata kipimo cha kitabu cha gari. Ukianza na upande mmoja ukaze mpaka mwisho, mdomo wa heda unapinda.

7. Unganisha bomba la chini, rudisha raba na vishikizo vyote vya sailensa. Bomba lisivute heda hata kidogo.

8. Pitisha mkono kuzunguka heda. Waya, bomba la mafuta, bomba la breki, stata na mpira wa rejeta viwe mbali, angalau upana wa vidole viwili. Kilicho karibu zaidi kisogeze au kiwekee kinga ya bati.

Jaribu kama inavuja

Kuna njia rahisi ambayo hata fundi pancha anaweza kukusaidia. Injini ikiwa ya baridi na imezimwa, ingiza mpira wa kompresa kwenye bomba la nyuma, ziba kwa kitambaa, pulizia hewa kidogo. Mwagia maungio maji ya sabuni. Povu likitoka, panavuja.

Fanya hivyo kabla ya kufunga utepe. Utepe unaficha ufa na kupunguza mlio. Unaweza kuwa na gari kimya linalowatia sumu watu.

Sasa utepe wa joto

Utepe huu unafanana na bandeji ya hospitali. Umefumwa kwa nyuzi za kioo, yaani faibaglasi, au nyuzi za jiwe la volkano. Kazi yake ni kuweka joto ndani ya bomba lisisambae kwenye boneti. Waya na mipira inapona, na kabini inapoa kidogo.

Soma kwenye pakiti unavumilia nyuzi ngapi. Wa faibaglasi wa bei nafuu kwa kawaida unavumilia kama nyuzi 550 kwa kazi ya muda mrefu. Kwa petroli inayopanda Magara na mzigo, tafuta wenye uwezo mkubwa zaidi.

Urefu ukoje? Kwa utepe wa sentimita 5, kila mita 1 ya bomba nene la sentimita 4 inakula mita 3 na kidogo. Roli la mita 15 mara nyingi linatosha heda ya silinda nne, na kipande kinabaki.

Vaa glovu, shati la mikono mirefu, miwani na barakoa. Nyuzi zile zinawasha ngozi na si za kuvuta. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za mtoto.

Heda ifungwe utepe ikiwa nje ya gari, juu ya meza. Kama pakiti inaruhusu, loweka utepe kwenye maji. Ukilowa haurushi vumbi na unavutika vizuri.

Anza chini, panda juu. Kila mzunguko ulalie ule wa chini yake kwa kama milimita 6. Ni kama kuezeka bati: la juu linalalia la chini ili maji yateremke nje. Ukianza juu kushuka, unatengeneza mifuko ya kukusanyia tope.

Vuta kwa nguvu muda wote. Mwanzo na mwisho funga kwa klipu za chuma kisichoshika kutu. Waya wa bati au wa kufungia nondo utaoza, utepe utafunguka na kuning’inia karibu na propela.

Acha wazi sehemu ya sensa na bolti za mdomo, maana utazihitaji tena. Masega usiyafunge kabisa. Yana joto lake yenyewe, yakizidiwa yanaharibika.

Moshi wa kwanza usikutishe, wa pili ukutishe

Washa gari nje, mahali pa wazi. Utepe mpya utatoa moshi na harufu kwa dakika kadhaa, pengine kwa safari mbili tatu za mwanzo. Hiyo ni kawaida. Msikae ndani na vioo vimefungwa wakati huo.

Lakini moshi ukiendelea baada ya hapo, au ukinusa oili, petroli au plastiki inayoungua, zima na uangalie. Utepe ulionywa oili ni utambi. Kama injini yako inavuja oili kwenye kifuniko cha valvu juu ya manifodi, tengeneza kwanza uvujaji huo. Usifunge utepe chini ya oili inayodondoka.

Baada ya safari ya kwanza, acha ipoe kabisa, kisha kaza tena bolti zote za heda. Rudia baada ya wiki. Bolti nyingi zinazolegea ni zile ambazo hazikukazwa mara ya pili.

Lini usifunge utepe kabisa?

Kama heda ni ya chuma cha kawaida na gari linalala nje kwenye mvua au linavuka mito kila wiki, fikiri mara mbili. Utepe unashika maji kama sponji. Chuma kinakaa na unyevu usiku, kinachemka mchana, kinakuwa cha moto kuliko kilivyozoea. Kutu inakila haraka na huioni. Watengenezaji wengine wa heda hawatambui waranti ukishaifunga utepe.

Manifodi ya chuma cha kutupwa yenye ufa nayo usiifunge. Unaficha ugonjwa.

Kwa hali hizo, tumia kinga ya bati: karatasi ya chuma iliyowekwa mbali kidogo na bomba, hewa ipite katikati. Pikapu nyingi zilitoka kiwandani nayo, ikatolewa na fundi kwa sababu “inapiga kelele”. Itafute, irudishe, kaza bolti zake.

Kiangazi: angalia unapopaki

Ukiwa Basotu, umemaliza kubeba ngano, chini kuna mabua makavu. Au uko mnadani Katesh, unapaki kwenye majani marefu. Nyasi kavu zinaweza kushika moto zikigusa chuma chenye nyuzi 300 hivi, na masega na bomba la chini vinafika huko baada ya mlima.

Utepe kwenye heda haulindi hilo, kwa sababu joto lililozuiwa juu linaendelea kushuka kwenye bomba la chini. Paki kwenye udongo mtupu. Kila jioni toa mabua yaliyonasa juu ya sailensa na masega. Kizimamoto kikae mahali unapokifikia, si chini ya magunia.

Maswali matatu ya kumuuliza fundi kabla hujaondoka gereji

Umekaza kuanzia katikati? Gasketi ni mpya? Umejaribu maji ya sabuni kabla ya kufunga utepe?

Akijibu moja kwa “usijali bosi”, mwambie afungue muangalie pamoja. Akikuona unasumbua, sawa tu. Usiku ukigongewa mlango kumpeleka mama mjamzito Haydom, utashukuru kwamba ulisumbua.